Ada ya Nyongeza Ni Amana ya Mwanafunzi

Katika mambo yanayozusha manung'uniko ya haraka miongoni mwa wazazi, ni machache yanayoshinda tangazo la kupandishwa ada ya chuo kikuu. Mzazi huuliza, na ana haki ya kuuliza: fedha hizi zinakwenda wapi? Aghalabu jibu analopewa ni kwamba gharama zimepanda. Huenda jibu hilo likawa la kweli, lakini halimtoshelezi mtu ambaye kipato chake hakikupanda. Sisi tunaona kwamba lipo swali zito zaidi kuliko kiasi cha ada yenyewe. Je, fedha iliyoongezwa inamrudia mwanafunzi aliyeilipa, ikamwezesha kusoma vyema na kumaliza shahada yake, au inamezwa na mambo yasiyomhusu?

Swali hili si la nadharia tupu. Yapo mataifa ambayo yamekwisha kulijaribu kwa vitendo, na katika majaribio yao yamo mafunzo ambayo mwananchi wa visiwa vyetu na mtumishi wa Serikali wangefaidika kuyajua. Leo tunapenda kueleza habari za jaribio moja lililofanyika Marekani, katika jimbo la Wisconsin, kisha tulipime kwa yale yaliyotokea kwingineko, na mwisho tuseme ni masharti gani tunayoyaona kuwa ya lazima popote pale mzazi anapoombwa kulipa zaidi.

Mpango wa Madison

Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko katika mji wa Madison kiliasisiwa mwaka 1848, mwaka ule ule jimbo hilo lilipopokewa katika Muungano wa Marekani. Ni chuo cha umma, kwa hiyo kinategemea hazina ya jimbo na ada za wanafunzi pamoja na vyanzo vingine. Mwaka 2009, uchumi wa Marekani ukiwa katika mtikisiko mkubwa, mkuu wa chuo hicho wa wakati huo, Bibi Carolyn Martin, alipeleka pendekezo ambalo wengi hawakulitazamia katika mwaka wa dhiki. Alitaka wanafunzi wa shahada ya kwanza watozwe nyongeza juu ya ada ya kawaida, na nyongeza hiyo ipewe kazi maalumu. Baraza linalosimamia vyuo vikuu vya jimbo liliukubali mpango huo mwezi wa Mei mwaka ule ule.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mwanafunzi mwenyeji wa jimbo aliongezewa dola 250 kwa mwaka wa kwanza, na kiasi hicho kikazidishwa kwa dola 250 kila mwaka kwa miaka minne, mpaka nyongeza ikafikia dola 1,000 kwa mwaka. Mwanafunzi aliyetoka nje ya jimbo aliongezewa dola 750 kila mwaka, hadi zikatimia dola 3,000. Ilikadiriwa kwamba mpango ukishakamilika ungeingiza takriban dola milioni 40 kila mwaka.

Hadi hapo msomaji anaweza kusema kwamba hii ni ada kama ada nyingine. Tofauti yake ilikuwa katika mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi mwenye uhitaji ambaye familia yake haikuzidi kipato cha dola 80,000 kwa mwaka alipewa ruzuku iliyofidia nyongeza ile, ili asiguswe na mzigo. Kwa maneno mengine, mwenye nacho ndiye aliyeombwa kuchangia zaidi, na sehemu ya mchango wake ikaenda kumsaidia mwenzake asiye nacho. Pili, fedha zilizosalia zilielekezwa katika mafunzo ya shahada ya kwanza peke yake: kuajiri walimu katika masomo yaliyokuwa na msongamano, ambamo mwanafunzi aliweza kungoja muhula mzima kabla ya kupata nafasi, kuongeza washauri wa masomo, na kuimarisha huduma zinazomsaidia kijana asipotee njiani. Tatu, idara za chuo hazikugawiwa fedha kwa mazoea. Zilitakiwa ziandike maombi na kueleza zitafanya nini, na wanafunzi wenyewe wakawa na kamati iliyoyapitia maombi hayo na kutoa maoni yake.

Tunaomba wasomaji wetu walizingatie jambo hili la tatu. Ni nadra sana kwa mlipaji kukaribishwa mezani pale inapojadiliwa namna ya kutumia alichokilipa. Mzazi anapojua kwamba mtoto wake, au mwakilishi wa mtoto wake, ameyaona maombi ya idara na kuuliza maswali, manung'uniko yake hupungua hata kama mfuko wake haukujaa. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa maoni yetu, daftari hilo halitoshi likiwa limefungiwa katika kabati la mhasibu, bali ni lazima liwe mahali ambapo aliyetoa fedha anaweza kulifungua.

Mkono wa kulia na wa kushoto

Hata hivyo, haingekuwa haki kuusifu mpango wa Madison bila ya kueleza yaliyousibu. Nia ya nyongeza ile ilikuwa kuongeza ubora juu ya kile kilichokuwapo. Lakini neno nyongeza lina maana pale tu kiasi cha msingi kinapobaki mahali pake. Katika bajeti ya miaka miwili iliyoanza 2011, jimbo la Wisconsin lilipunguza dola milioni 250 katika fedha ilizozipa vyuo vikuu vyake vyote kwa jumla. Katika bajeti iliyoanza 2015 likapunguza tena dola milioni 250. Hapo ndipo inapoonekana hatari kubwa ya ada za aina hii. Mzazi hutia fedha kwa mkono wa kulia, hazina ikazitoa kwa mkono wa kushoto, na chuo kikabaki pale pale kilipokuwa. Kilichobadilika ni mlipaji tu.

Hatusemi hivi kwa kuwalaumu watunga sheria wa nchi nyingine, ambao walikuwa na matatizo yao ya bajeti. Tunasema hivi kwa sababu kishawishi hiki kipo katika kila hazina duniani. Ofisa wa fedha anapoona kwamba chuo kimepata chanzo kipya cha mapato, ni rahisi kwake kuamua kwamba chuo hicho sasa kinajimudu. Kumbe kile kilichokusudiwa kumletea mwanafunzi mwalimu wa ziada kinaishia kumlipa mwalimu aliyekuwapo tangu zamani.

Jambo la pili lililotokea huko lina funzo kali zaidi. Mwezi wa Aprili 2013 ilidhihirika kwamba mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo lile ulikuwa na akiba ya zaidi ya dola milioni 600, sehemu kubwa yake ikitokana na ada. Wakuu wa vyuo walijitetea kwamba kila taasisi kubwa inahitaji akiba, na kwamba fedha nyingi katika hizo zilikwisha kupangiwa kazi. Utetezi huo haukusikilizwa. Wabunge wa jimbo walikasirika kwamba ada zilikuwa zikipandishwa mwaka hadi mwaka ilhali akiba inalala. Matokeo yake ni kwamba ada ya mwanafunzi mwenyeji wa shahada ya kwanza ilizuiwa isipande kuanzia mwaka wa masomo wa 2013/14, na sheria haikulegeza zuio hilo hadi 2021.

Yafaa ikumbukwe kwamba mpango wa Madison ulikuwa na daftari lake na kamati yake, na akiba ile ilikuwa ya mfumo mzima wa vyuo, si ya mpango huo peke yake. Lakini imani ya umma haigawanyiki vipande vipande. Mwananchi akishaona kwamba fedha za ada zimerundikwa mahali bila ya yeye kuambiwa, hamtofautishi tena mwema na mzembe. Huwafungia mlango wote wawili.

Fedha mkononi au mwalimu darasani?

Tukiachana na Marekani kwa muda, tutazame Uingereza. Huko, kwa mujibu wa sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2004, vyuo vikuu vya England viliruhusiwa kutoza hadi pauni 3,000 kwa mwaka kuanzia 2006. Chuo kilichotaka kutoza zaidi ya ada ya msingi kilipaswa kwanza kuonyesha jinsi ambavyo sehemu ya ziada hiyo ingewasaidia vijana wa familia za kipato cha chini, na mpango wake ukaidhinishwa na ofisi maalumu iliyoundwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2012 kikomo kilipandishwa hadi pauni 9,000, na sharti la kuwa na mpango likabaki.

Vyuo vingi vilichagua njia iliyo rahisi, yaani kuwapa wanafunzi maskini ruzuku ya fedha taslimu. Ofisi ile ilipofanya uchunguzi, taarifa zake za mwaka 2010 na mwaka 2014 zilitoa jibu lililowashangaza wengi. Ruzuku hizo hazikuonekana kuathiri uchaguzi wa vijana juu ya chuo cha kusoma, wala hazikuonyesha dalili ya kupunguza idadi ya walioacha masomo. Si kwamba fedha ile haikuwa na faida kwa aliyeipokea; mwenye njaa hakatai mkate. Ila nia njema na fungu la fedha peke yake havikutosha kumfikisha kijana kwenye shahada.

Basi ni nini kinachomfikisha? Hapa tunarudi Marekani, safari hii katika mji wa Atlanta, kwenye Chuo Kikuu cha Georgia State. Chuo hiki hakikubuni ada maalumu kama ile ya Madison. Tunakitaja kwa sababu kinaonyesha ni mahali gani fedha ikipandwa huota. Wanafunzi wake wengi hutoka katika familia zisizo na uwezo, na mwaka 2003 ni asilimia 32 tu ya waliojiunga ndio waliokuwa wakimaliza shahada ndani ya miaka sita. Kufikia 2014 kiwango hicho kilikuwa kimepanda hadi asilimia 54.

Walifanya mambo mawili yaliyo wazi kabisa. La kwanza, waliongeza washauri wa masomo zaidi ya 40, na kuanzia 2012 wakaanza kufuatilia maendeleo ya kila mwanafunzi siku hadi siku, ili anayeanguka katika somo la msingi aitwe mapema kabla ya kuharibikiwa. La pili, waligundua kwamba kila muhula zaidi ya wanafunzi 1,000 walikuwa wakifutwa katika orodha za madarasa kwa kushindwa kukamilisha ada, na wengi wao walikuwa wamepungukiwa kiasi kidogo tu. Kuanzia 2011 chuo kikaanza kuwatafuta wale waliokuwa na maendeleo mazuri na kuwalipia pengo hilo. Wastani wa msaada haukufika dola 1,000 kwa mtu.

Hesabu yake ni nyepesi, na tunaweza kuifanya kwa shilingi. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili anayedaiwa shilingi laki mbili, katika chuo ambacho ada ni shilingi milioni moja kwa mwaka. Chuo kikimfukuza kwa ajili ya laki mbili, kinapoteza milioni mbili za miaka miwili iliyosalia. Taifa linapoteza mtaalamu. Na mzazi anapoteza kila senti aliyokwisha kuilipa. Kikimsaidia, kinatoa laki mbili na kupokea milioni mbili. Ndiyo maana tunasema kwamba fedha inayotumiwa kumbakisha mwanafunzi masomoni si sadaka. Ni mtaji unaorudi.

Jambo hili linatuhusu

Huenda msomaji wa Unguja au wa Pemba akauliza habari za Wisconsin na Atlanta zinamhusu nini. Zinamhusu sana. Tanzania iliingia katika utaratibu wa wazazi na wanafunzi kuchangia gharama za elimu ya juu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata, na Zanzibar ikaunda bodi yake mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001, kimewapa vijana wa visiwani nafasi ya kupata shahada bila ya kuvuka bahari. Hizi ni hatua kubwa, nasi tunazithamini.

Lakini penye mkopo, ada ina sura nyingine. Ada inayopandishwa leo huwa deni la kesho. Kijana aliyemaliza atalilipa kwa mshahara wake. Aliyekatisha masomo katika mwaka wa pili hana shahada wala mshahara wa shahada, ila deni anabaki nalo. Huyo ndiye anayelipa ghali kuliko wote, na ndiye ambaye aghalabu hatumwoni, kwa kuwa siku ya mahafali hayupo uwanjani. Nyuma yake yuko mama anayelima mwani, au baba mvuvi, aliyeuza alichokuwa nacho kwa matumaini ya miaka mitatu au minne. Mtoto anaporudi nyumbani mikono mitupu, familia nzima hujifunza kwamba chuo kikuu ni mahali pa kupotezea mali, na wadogo zake hawatapelekwa.

Kwa sababu hiyo sisi hatusimami pamoja na wanaosema kwamba ada isiongezwe kamwe, kwani chuo kisicho na walimu wa kutosha nacho ni dhuluma kwa mwanafunzi. Wala hatusimami pamoja na wanaosema kwamba ada iongezwe kila gharama zinapopanda. Tunasema kwamba ada ya nyongeza, popote itakapofikiriwa, ihesabiwe kuwa amana, na iwe na masharti ya amana.

Sharti la kwanza ni kwamba asiye na uwezo asiguswe. Kinga yake iwekwe siku ile ile nyongeza inapotangazwa, na isiachwe kuwa ahadi ya baadaye.

Sharti la pili ni kwamba hazina isitumie nyongeza hiyo kuwa sababu ya kupunguza mchango wa Serikali. Kama ni lazima upunguzwe, mwananchi aambiwe hivyo waziwazi, na ada ile isiitwe tena nyongeza ya ubora.

Sharti la tatu ni kwamba fedha itumike katika mambo yanayomsaidia mwanafunzi kufaulu na kumaliza: mwalimu wa somo lenye msongamano, mshauri anayemjua kijana kwa jina, vitabu na maabara, na fungu dogo la kumwokoa aliyekwama kwa kiasi kidogo. Magari ya viongozi na samani za ofisi zitafutiwe fungu jingine.

Sharti la nne ni kwamba itumike katika miaka ambayo aliyelipa bado yuko chuoni. Si haki kumtoza kijana wa leo kwa faida ya kijana wa mwaka ambao yeye hatakuwapo, wala kuilaza fedha yake benki huku yeye akikaa chini kwa kukosa kiti.

Sharti la tano ni kwamba hesabu itolewe hadharani kila mwaka, kwa Kiswahili ambacho mzazi anaweza kukisoma, na ieleze mambo mawili: fedha imefanya nini, na ni wanafunzi wangapi waliomaliza katika kila mia walioanza. Idadi ya walioandikishwa ni rahisi kuitangaza. Idadi ya waliomaliza ndiyo kipimo.

Masharti haya si magumu, wala hayahitaji utajiri wa Marekani. Kamati ya wanafunzi kupitia maombi ya idara haigharimu chochote. Taarifa ya ukurasa mmoja kubandikwa katika ubao wa matangazo wa chuo, na nakala yake kupelekwa Baraza la Wawakilishi na magazetini, haigharimu zaidi ya karatasi. Kumwita mwanafunzi aliyeanguka mtihani wa kwanza na kumuuliza ana tatizo gani kunahitaji mtu mmoja mwenye subira na orodha ya majina.

Tunawaomba viongozi wa elimu na wa fedha wayapime maneno haya kabla, na si baada, ya tangazo lolote la ada. Mzazi wa visiwani hakatai kulipa kwa ajili ya mwanawe. Ameonyesha hivyo kwa miaka mingi, mara nyingine kwa kujinyima chakula. Anachoomba ni kuonyeshwa kwamba alichokitoa kimemfikia mtoto. Nao watawala wa vyuo tunawaambia kwamba siku watakapoweza kumwonyesha hesabu hiyo, hawatakuwa na haja ya kuogopa kumwomba tena.